Soksi ndefu na skintaiti za kubana kwa wakimbiaji: misuli inasaidiwa au tunapigwa hela?

#1 Mkimbiza Upepo
Wakuu, habari za asubuhi.

Kwenye jogging yetu huku Tegeta naona kila wiki soksi zinazidi kupanda. Zamani ilikuwa raba, bukta na fulana ya kampeni, basi. Siku hizi mtu hajamaliza hata kilomita tano lakini soksi imembana mpaka chini ya goti. Mwingine kavaa ile isiyo na unyayo, imeshika shavu la mguu tu. Mwingine skintaiti chini ya bukta. Ukiuliza unajibiwa "damu inapanda vizuri", "misuli haichoki", "inaongeza spidi".

Nina mbio za kilomita 21 za Moshi mbele yangu. Nimeulizia bei ya jozi moja dukani, pumzi ikakata hata sijaanza kukimbia. Kabla sijatoa hela nataka kujua: mtu akiwa anakimbia, hicho kitu kinafanya nini hasa kwenye misuli ya shavu na paja? Waliovaa na wenye elimu ya mwili karibuni. Wenye maduka mjitambulishe kwanza.

#2 Beki Tatu
Nakaa siti ya mbele. Ila mkuu fulana ya kampeni iheshimu, haina mpinzani kwa kukausha jasho.

#3 Bi Alfajiri
Kaka nunua. Mimi nina miguu minene, nilikuwa nikikimbia barabara ya lami nasikia shavu la mguu linatikisika kama uji kwenye bakuli. Kesho yake ngazi za ofisini nashuka kinyumenyume nimeshika chuma, wenzangu wanacheka. Tangu nianze kuvaa zile soksi ngazi nashuka kama watu. Kocha wetu alituambia zinakamua asidi ya laktiki itoke kwenye misuli, ndiyo maana maumivu hayaji.

#4 Nesi wa Zamu
Bi Alfajiri, nafuu yako siipingi, ila kocha wako kwenye laktiki amewapoteza. Laktiki iliyojaa kwenye damu wakati wa mazoezi makali inarudi kawaida ndani ya kama saa moja ukipumzika, soksi au bila soksi. Maumivu ya kesho na keshokutwa ni kitu kingine kabisa: ni michubuko midogo ndani ya nyuzi za misuli na uvimbe unaofuata. Yanafika kileleni kati ya saa 24 na 72.

Kuhusu swali la mleta mada. Damu ikishafika mguuni lazima irudi juu kinyume na uzito wake. Kazi hiyo inafanywa na misuli ya shavu la mguu: ikijikaza inaminya mishipa ya vena, na ndani ya vena kuna vali zinazozuia damu isirudi chini. Ukisimama wima bila kujongea, mgandamizo ndani ya vena za kifundoni unafika milimita 80 hadi 90 za zebaki (kipimo kilekile cha presha). Ukianza kutembea unashuka hadi 20 au 30. Soksi ya kubana inaiminya mishipa hiyo kutoka nje, inakuwa myembamba, damu inapita kwa kasi zaidi na vali zinafunga vizuri. Ndiyo maana wagonjwa waliofanyiwa upasuaji huvalishwa soksi maalumu, damu isigande wakiwa wamelala.

Iliyotengenezwa vizuri inabana zaidi kifundoni na kulegea kadiri inavyopanda. Iliyobana sana juu na kulegea chini ni kama kamba uliyojifunga mguuni.

#5 Mpinga Hoja
Nesi umeeleza vizuri, halafu umeiua hoja mwenyewe. Mgonjwa amelala, pampu ya shavu haifanyi kazi, soksi inamsaidia, sawa. Sasa mtu anayekimbia anapiga hatua kama 170 kwa dakika, kila hatua pampu inaminya. Umesema mwenyewe hata kutembea tu kunashusha mgandamizo. Soksi inaongeza nini hapo? Pampu ikiwa inafanya kazi kwa nguvu zote, huyo msaidizi wa nje kazi yake nini?

#6 Nesi wa Zamu
Ndiyo maana nimeishia kwa mgonjwa. Sikusema mkimbiaji atapata spidi.

#7 Chuma Mbezi
Mnang'ang'ania damu, hamjagusa mtikisiko. Kila unyayo unapotua unapigwa na nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Nyama inatikisika, na msuli unatumia nguvu kuuzima huo mtikisiko. Ukiifunga nyama isitikisike, msuli unapunguziwa kazi, uchovu unachelewa. Hesabu rahisi kabisa.

Kwetu huku kwenye vyuma jambo hili lina ushahidi. Anayebeba uzito mkubwa kwa kuchuchumaa akifunga magoti kwa bandeji ngumu za mpira anabeba zaidi, kila mtu anajua. Ndiyo maana shirikisho la kimataifa la kuinua vyuma, IPF, limeweka kikomo: kwa wasiotumia vifaa vya kusaidia, kizuia goti kisizidi unene wa milimita 7. Kama kubana hakufanyi kitu, kwa nini wapime?

#8 Mpinga Hoja
Chuma, bandeji ya goti inafanya kazi kama springi. Unaikunja ukishuka, inakusukuma ukipanda. Soksi laini ya shavu la mguu inamsukuma nani? Usichanganye.

#9 Mwana wa Bonde
Habari zenu majirani. Niko upande wa Uasin Gishu, Kenya. Huku mkimbiaji anavaa kile sponsa amempa, hiyo ndiyo sayansi yetu. Ukiamkia Iten, kaunti jirani ya Elgeyo-Marakwet, saa kumi na mbili asubuhi utaona taiti ndefu kwa kila mguu, lakini si kwa sababu ya misuli. Ni baridi! Mji uko kama mita 2,400 juu ya bahari. Jua likitoka zinavuliwa, zinafungwa kiunoni, kazi inaendelea.

#10 Zungu la Roho
Mbona Paula Radcliffe alikuwa hatoki bila soksi ndefu mpaka magotini? Na rekodi yake ya marathoni ya London 2003, saa 2:15:25, ilidumu miaka 16. Mzungu hawezi kuvaa kitu bure.

#11 Mwana wa Bonde
Na aliyeivunja ni Brigid Kosgei, Chicago 2019, saa 2:14:04. Sasa tukianza kupima soksi za kila aliyevunja rekodi hatutalala. Radcliffe pia alikuwa akitikisa kichwa akikimbia, mbona hakuna anayeuza dawa ya kutikisa kichwa?

#12 Beki Tatu
😂😂 Uzi ufungwe hapa.

#13 Daftari
Usifungwe bado. Niseme machache niliyosoma, maana Chuma Mbezi na Mpinga Hoja kila mmoja ameshika kipande.

Mtikisiko. Chuo Kikuu cha Ohio State kule Marekani mwaka 2017 walitoa matokeo ya wanaume wakimbiaji waliokimbia dakika 30 kwenye mashine, kwa asilimia 80 ya spidi yao ya juu. Siku moja na taiti za kubana, siku nyingine bila. Wakapima mtikisiko wa misuli, na nguvu ya miguu na kimo cha kuruka kabla na baada. Mtikisiko ulipungua kweli, Chuma yuko sahihi. Lakini uchovu ulikuwa uleule. Nguvu ilishuka sawasawa, aliyevaa na asiyevaa. Kwa hiyo ile "hesabu rahisi" haikujumlika.

Damu. Kuna utafiti wa 2013 ambao watu wengi hawaupendi. Watu waliendesha baiskeli kwa nguvu, kisha wakati wa kupumzika paja moja likabanwa na bukta ya mgandamizo wa karibu milimita 37 za zebaki, jingine likaachwa. Mashine ya picha ikaangalia damu ndani ya msuli wenyewe. Paja lililobanwa lilipata damu KIDOGO kuliko lile lingine. Ukibana vena unaharakisha damu kurudi, lakini ukizidisha unabana na ile inayoingia.

Baada ya mbio. Hapa ndipo Bi Alfajiri ana watetezi. Mwaka 2014 jarida la Uingereza la tiba ya michezo lilichapisha uchambuzi wa tafiti 12 kwa pamoja: waliovaa nguo za kubana walipata maumivu kidogo, nguvu zao zilirudi mapema, na ile enzaimu ya kreatini kinase inayovuja kutoka kwenye msuli uliochubuka ilikuwa chini. Na 2015 Australia waliwachukua wakimbiaji 33 waliomaliza marathoni, wengine wakavaa soksi za kubana saa 48 baada ya mbio, wengine soksi za kawaida zinazofanana nazo. Wiki mbili baadaye kwenye mashine, waliovaa za kubana walidumu kwa asilimia 2.6 zaidi ya walivyokuwa kabla ya marathoni, wenzao walipungua kwa asilimia 3.4.

Angalia vizuri: saa 48 BAADA. Si wakati wa kukimbia.

#14 Mpinga Hoja
Daftari, ule wa Ohio nani alilipia?

#15 Daftari
Nike.

#16 Mpinga Hoja
Ndiyo nauamini. Anayeuza taiti akilipia utafiti halafu jibu likawa halimpendezi, hapo nakaa chini nasikiliza.

Ila hizo za maumivu sizimezi kirahisi. Utampaje mtu soksi inayobana bila yeye kujua imembana? Akishajua kavaa "ile yenyewe", ukimuuliza maumivu ni mangapi kwa kumi atakupa matatu. Bi Alfajiri shemeji yangu naomba usikasirike.

#17 Bi Alfajiri
Sikasiriki, na mimi si shemeji yako. Ngazi ninashuka au sishuki? Nikishuka kwa imani, nimeshuka.

#18 Nesi wa Zamu
Mpinga, kreatini kinase inapimwa kwenye damu, haiulizwi ina maoni gani. Na wale wa Australia walivishwa soksi za kufanana.

#19 Mpinga Hoja
Kufanana kwa macho. Mguu wenyewe unajua.

#20 Mzee wa Ufukweni
Vijana mnasoma mbali mno. Sisi tulicheza mpira mitaani miaka ile, mechi ikiisha jioni tunakwenda kusimama baharini, maji ya kiunoni, tunapiga stori mpaka giza. Asubuhi miguu mipya. Hatukujua soksi za kubana, na bahari ni bure hadi leo. Nendeni Coco mkasimame.

#21 Daftari
Mzee shikamoo. Ulichosema kina uhusiano kuliko unavyodhani. Maji yanagandamiza kadiri unavyoshuka: kina cha mita moja ni zaidi ya milimita 70 za zebaki. Mtu aliyesimama na maji ya kiunoni, vifundo vyake vinabanwa kuliko soksi nyingi za madukani (nyingi huandikwa 15–20 au 20–30), na juu karibu na kiuno habanwi kabisa. Yaani chini kali, juu laini, palepale Nesi alipotaka.

Na soksi zenyewe zilizaliwa majini. Conrad Jobst, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alikuwa na ugonjwa wa vena za miguu. Akagundua akisimama kwenye bwawa la kuogelea miguu inatulia. Akakaa akafikiri jinsi ya kutengeneza kitambaa kitakachobana vile maji yanavyobana, na miaka ya 1950 soksi zake zikaanza kuvaliwa na wagonjwa.

#22 Mzee wa Ufukweni
Marahaba. Sasa huyo Jobst angekuja Kigamboni angeokoa hela ya uzi.

#23 Zungu la Roho
Baharini kuna ubaridi pia, Mzee. Utajuaje kilichowaponya ni mgandamizo au ni ubaridi?

#24 Mzee wa Ufukweni
Bahari ya Dar ina ubaridi gani wewe? Umewahi kuoga au unaiangalia kutoka kwenye pantoni?

#25 Fundi Cherehani
Mleta mada alisema wenye biashara tujitambulishe. Mimi nashona jezi na nguo za mazoezi, soksi siuzi. Naongelea kitambaa.

Kinachobana ni ule uzi wa elastane, wengi wanauita laikra, aliougundua Joseph Shivers kwenye kampuni ya DuPont mwaka 1958. Uzi huo una maadui: joto, dawa za kung'arishia nguo, na jua kali. Ukifua kwa jiki, ukaanika juu ya bati la saa saba mchana, baada ya muda una soksi ndefu ya kawaida ya bei mbaya. Hizi za mtumba unazoona zimepangwa Karume, nyingi zimeshalegea. Rangi ipo, nguvu imeshakufa. Ivute kwa upana pale kifundoni kisha iachie: ikirudi taratibu kama imelala usingizi, iache palepale. Halafu vuta na sehemu ya juu. Kama mvuto ni sawa juu na chini, haikushonwa kwa vipimo.

Na joto jamani. Hizi nguo zimebuniwa na watu wa nchi za baridi. Nguo iliyonata mwilini inaongeza joto la ngozi, na kwa unyevu wa Dar jasho halikauki upesi. Skintaiti nzito mwezi wa pili huku Pwani ni adhabu.

#26 Nesi wa Zamu
Fundi, hiyo ya mvuto sawa nikuongezee. Hata kitambaa kikivutika sawa kote, kifundo chembamba kinabanwa zaidi ya shavu nene, maana mgandamizo ni mvuto ugawanywe kwa nusu ya unene wa mguu. Ndiyo maana mwenye shavu kubwa na mwenye shavu dogo wakivaa saizi moja hawapati kitu kimoja. Saizi ya soksi hizi haifuati namba ya kiatu pekee, inafuata mzingo wa kifundo na wa shavu.

#27 Mtoto wa Mama
Samahani kwa kutoka nje ya mada. Mama yangu ana mishipa iliyojitokeza miguuni, ana kisukari pia, na unyayo unakufa ganzi. Nimnunulie hizi za wakimbiaji?

#28 Nesi wa Zamu
Usimnunulie kabla hajaonwa na daktari. Mwenye kisukari na ganzi hasikii soksi ikimkata, na kama mishipa inayopeleka damu miguuni imeziba, kumbana ni kumnyima kidogo anachopata. Wapime kwanza damu ya miguu. Na mguu MMOJA ukivimba ghafla, ukawa na joto na maumivu, ni hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa damu imeganda.

#29 Mtoto wa Mama
Asante dada, ubarikiwe.

#30 Beki Tatu
Mimi nina swali moja kwa wataalamu. Ninyi mnalipa hela shavu la mguu libanwe. Jude Bellingham, Saka na Kyle Walker wanatoboa soksi kwa nyuma ili shavu LISIBANWE. Wote ni wanariadha, wote wana madaktari. Nani anadanganywa?

#31 Chuma Mbezi
Soksi ya mpira imebana ovyo, juu kuna na mkanda na kizuia ugoko. Si sawa na iliyopimwa.

#32 Mpinga Hoja
Au wote wanafuata kinachowafariji. Mmoja akibanwa anajisikia salama, mwingine akitoboa anajisikia huru. Msuli hauko kwenye mazungumzo.

#33 Kapteni Mstaafu
Skintaiti kwenye mpira nazo zina sheria, wengi hawajui. Sheria namba 4: rangi ya taiti ifanane na rangi kuu ya bukta, au na pindo la chini la bukta. Nimeona kijana mchangani anaambiwa na refa akavue, akavua palepale nyuma ya goli.

#34 Beki Tatu
Mkuu goli la nani? Maana Simba wakiona hiyo watasema Yanga wamelogwa.

#35 Kapteni Mstaafu
Tusianze.

#36 Bi Alfajiri
Wanaume mmezunguka kote, hamjagusa sababu ya wanawake wengi kuvaa taiti. Mapaja yakisuguana kilomita kumi na jasho la Pwani, ngozi inachubuka, ukioga maji yanakuwa pilipili. Taiti inamaliza. Na mwingine anataka kujistiri akikimbia barabarani. Hayo hayahitaji utafiti wa Ohio.

#37 Daftari
Hilo nalikubali kwa mikono miwili.

#38 Kocha wa Mlimani
Nimesoma uzi wote. Mleta mada kasema 21 ya Moshi halafu wote mkasahau njia yenyewe. Ile nusu marathoni inapanda barabara ya Mweka kisha inashuka ndefu kurudi mjini. Mnaongea soksi, yaani shavu la mguu. Kwenye mteremko anayeumia ni PAJA la mbele. Kila hatua ya kushuka msuli wa paja unafunga breki: unanyooshwa huku umejikaza. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayochubua misuli kuliko zote. Wengi wanapanda kwa nidhamu, wakigeuka wanajiachia, wanafika kwenye lami ya mjini mapaja yamekufa. Jumatatu hawakai kwenye kiti bila kushika meza.

Soksi ya mpaka gotini haigusi kilichochubuka. Dawa ni kuzoeza paja mteremko wiki kadhaa kabla. Msuli ukishachubuliwa kidogo mara moja, mara ya pili hauumii vile. Hiyo kinga ni ya bure.

#39 Chuma Mbezi
Basi taiti ndefu itafaa, inashika paja.

#40 Kocha wa Mlimani
Inashika. Itapunguza kutikisika. Kufunga breki bado utafunga wewe.

#41 Mkimbiza Upepo
Nashukuru wote. Kwa nilivyoelewa, Nesi anasema damu ila si spidi, Chuma mtikisiko, Mpinga ni kichwa, Kocha kanihamisha mguu kabisa. Huku Tegeta mteremko wa kufanyia mazoezi unapatikana wapi? Na nikinunua soksi, nivae kwenye mbio au kwenye basi la kurudi Dar?

#42 Nesi wa Zamu
Ningekuwa mimi, kwenye basi. Saa nyingi umekaa magoti yamekunjwa, pampu imelala. Hapo soksi ina kazi.

#43 Chuma Mbezi
Kote kote.

#44 Mpinga Hoja
Popote. Siti ya dirishani itakusaidia kuliko zote.

#45 Kocha wa Mlimani
Goba na Madale kuna vilima. Nenda asubuhi kabla ya bodaboda. Panda kwa kutembea, shuka kwa kukimbia, wengi wanafanya kinyume.

#46 Fundi Cherehani
Ukiamua kununua, jipime asubuhi mara tu ukiamka, kabla mguu haujavimba kwa kusimama. Futi ya cherehani, izungushe pale kifundo kilipo chembamba zaidi, kisha shavu lilipo nene. Namba mbili hizo ndizo unazokwenda nazo dukani. Muuzaji akikuuliza unavaa kiatu namba ngapi tu, toka.

#47 Mwana wa Bonde
Na usivae mpya siku ya mbio. Hata sponsa akilia.